Ilani ya Kukata Maji

Shahada yangu ya uandishi imo ndani ya bahasha ya kaki,
bahasha imo ndani ya sanduku la mama, chini ya doti za kanga,
karibu na cheti chake cha ndoa na risiti ya mabati.
Mwaka wa kwanza baada ya mahafali niliitoa mara saba
nikaipeleka kutolewa kivuli pale stendi ya Wete,
hata kijana wa mashine akanizoea, akanipunguzia bei.
"Uandishi?" akaniuliza siku moja.
"Kwani wewe ulikuwa hujui kuandika?"

Leo nakaa chumba cha nyuma, ofisi ya maji,
kwenye meza inayochechemea juu ya kipande cha boksi.
Mama bado ananiuliza lini nitapata kazi niliyosomea.
Kazi yangu ni ilani.
Nilizikuta zimetungwa na mtu aliyestaafu kabla sijazaliwa:
*Unaarifiwa kwamba kwa mujibu wa kanuni zilizotajwa hapo juu*
(na hapo juu hapakutajwa kitu)
*huduma tajwa itasitishwa pasi na taarifa nyengine.*

Mwalimu wetu, Bi Thuwaiba, kule Unguja,
kipindi cha saa nane, feni imekufa, sote tunasinzia,
alikuwa akizungushia neno duara jekundu:
"Hili linakula bure. Halifanyi kazi. Litoe."
Niliililia insha yangu ya kwanza. Kurasa sita zikabaki mbili.
Tulisoma tamthilia, tukahesabu mizani kwa vidole
kama watoto wanaogawana njugu.
Hakuna aliyetufundisha ilani.
Hakuna aliyetwambia kwamba msomaji wako wa kwanza
atakuwa Bi Mize Faki wa Limbani,
karatasi kaikunja mara nne, kaifunga kwenye pindo la kanga,
akaifungua mezani kwangu kama kitu kinachouma.
"Mwanangu, nisomee. Mjukuu kasoma, hakuelewa.
Sheha kasoma, kanambia nina kesi."

Hakuwa na kesi.
Alikuwa na deni la shilingi elfu kumi na mbili
na siku tisa.

Usiku ule nilipata hasira ya kitaaluma, kama ipo hasira hiyo.
Asubuhi nikatafuta kalamu nyekundu.
*Unaarifiwa kwamba*: duara. *Kwa mujibu*: duara.
*Tajwa*: duara, na mstari juu yake.
Nikaandika:

     Bi Mize,
     unadaiwa elfu kumi na mbili za maji.
     Ukilipa kabla ya Jumatano ijayo, maji hayakatwi.
     Kama huna zote, njoo na ulizonazo, tuzungumze.
     Chumba cha nyuma. Muulizie Mwanakhamis.

Bwana Mgeni Shaame, mkuu wa kitengo, akaisoma kasimama,
akaisoma tena kakaa.
"Hii si ya kiserikali. Haitishi."
"Inaeleweka."
"Ndilo tatizo. Wakielewa, watakuja."

Wakaja. Foleni ikafika nje, kwenye kivuli cha tangi.
Wengine hawakudaiwa hata senti.
Walileta barua za benki, za hospitali, za shamba la mikarafuu
linalogombaniwa na watu tisa,
mkataba wa kijana aendaye kazi Omani,
karatasi zimelowa jasho, nyengine zimepigwa pasi.

Na mmoja, msichana wa rika langu kutoka Mtambwe,
akatoa kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la skuli.
Talaka. Mistari miwili.
Nikaipitia na kalamu mkononi, kwa mazoea,
nikitafuta neno linalokula bure.
Halikuwapo. Kila neno lilikuwa kazini.
Bi Thuwaiba angempa alama zote.

Nikaifunika kalamu.
Nikamsomea taratibu, mara mbili, kama alivyotaka,
kisha tukakaa kimya, mimi na yeye na ile meza,
mpaka mtu akabisha hodi
akiuliza kama hapa ndipo.